Pakiti ya Njano Juu ya Kompresa ya Jirani

Jumatano, 12 Juni

Nimeanza kuandika tena. Mama mkwe anasema mwanamke anayeandika kila siku ana jambo. Ndiyo, ninalo!

Klabu ya wapiga mbizi kutoka Taichung inakuja keshokutwa. Watu wanane, kiongozi wao Daktari Hsueh, daktari wa meno. Wanatafuta nyumba moja hapa kisiwani Liuqiu, ya kufikia kila mwezi, mwaka mzima. Mchujo umebakiza nyumba mbili. Yetu, na ya Dada Chu-yin, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ijumaa watalala kwetu, Jumamosi wazame kwa mitungi yetu ya hewa. Jumamosi watalala kwa Chu-yin, Jumapili wazame kwa mitungi yake. Halafu daktari atatangaza nani amependeza. Kama mtu anayeonja supu mbili sokoni huku wapishi wamesimama!

Po-cheng, mume wangu, aliniambia jambo leo wakati anasugua boti. Hakunitazama. Alisema klabu ikienda kwa Chu-yin, yeye atakwenda Kaohsiung kufanya kazi bandarini, atakuwa anarudi Jumapili moja kwa mwezi. Nikasema sawa, hakuna shida. Nikaingia bafuni nikalia ndani ya beseni la nguo. Zilikuwa nguo za wageni. Nikazifua upya.

Binti yetu Miao-miao ana miaka miwili. Mchana analala juu ya kifua cha baba yake kama mtoto wa kasa juu ya mwamba. Huko Kaohsiung kifua kitabaki kwenye simu. Mtoto atalala juu ya simu?

Kwa hiyo nimefikiri. Kwa kawaida nikianza kufikiri Po-cheng huniomba niache. Safari hii hajui!

Kompresa ya Chu-yin, ule mtambo wa kujaza hewa kwenye mitungi, ni mpya, nyekundu, inang'aa kama bibi harusi. Juu yake amekalisha pakiti ya kijani. Sisi sote tunafanya hivyo. Hospitali, benki, kituo cha polisi, penye mtambo pana pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ili mtambo uwe na adabu. Lazima iwe ya kijani. Isiwe imepitwa na tarehe. Isiliwe. Ukiweka ya njano mtambo unanuna. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

Chu-yin atapata ya njano.

Si uharibifu. Sitagusa hata skrubu! Nataka inune asubuhi moja tu. Nusu asubuhi.


Alhamisi, 13 Juni

Nimenunua pakiti ya njano. Mwenye duka akauliza ni ya mtoto? Nikasema ya mtoto. Akauliza mbona natoka jasho hivi. Nikasema ni Juni.

Nikaenda kwa Chu-yin, Miao-miao mgongoni, mkononi bakuli la wali wa majani ya mwanzi. Mama mkwe alifunga mwingi mno kwa sikukuu ya mbio za mashua, jokofu halifungi mlango. Zawadi na usafi wa jokofu kwa safari moja! Akili hiyo.

Chu-yin akanipokea kwa mikono miwili. Mume wake, Shemeji Wu, ambaye ndiye huwaongoza wageni wao majini, alikuwa amelala kifudifudi sebuleni na plasta mgongoni, anatazama besiboli. Akaninyooshea kidole kimoja, ndiyo salamu. Chu-yin akaanza maonyesho. Mashuka mapya. Feni mpya. Sabuni za wageni zenye umbo la kasa! Akauliza, Shu-ping, mdogo wangu, nyie bado mnatumia ile sabuni ya kipande? Nikamwambia wageni wetu wanakuja kuoga, hawaji kucheza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ndiyo maana ananipenda, mdomo wangu una pilipili. Kwa nini hakasiriki? Watu wenye mashuka mapya hawakasiriki.

Alipoingia jikoni kuhamisha wali, nikaruka hadi kwenye kibanda cha kompresa. Kijani chini, njano juu! Miao-miao akapiga kelele mgongoni, pipi, pipi! Nikamwambia nyamaza mama, hiyo si pipi, hiyo ni kazi. Ile ya kijani nikaichomeka ndani ya mbeleko, chini ya makalio yake. Kila akijigeuza, kwarakwara. Chu-yin akatoka jikoni, akasikiliza, akauliza mtoto ana nini. Nikasema gesi.

Akanipa mfuko mzima wa visheti vya kusokota, vya ufuta, bado vya moto. Nikajisikia mtu mbaya. Nikala kimoja njiani. Nilipofika cha pili ubaya ulikuwa umeisha.

Sasa hii ya kijani niifanye nini? Kuila haiwezekani, imeshakuwa kazini. Kuitupa naogopa. Nimeikalisha juu ya kompresa yetu, ubavuni mwa ile ya kwetu. Mbili! Adabu maradufu! Po-cheng akauliza mbona mbili. Nikamwambia moja ya zamu ya mchana, nyingine ya usiku. Mama mkwe alikuwa anapita na ndoo, akasema jiko la wapishi wawili, chumvi hutiwa mara mbili. Yule mama hakosi neno.


Ijumaa, 14 Juni

Wamefika na feri ya mchana. Mizigo! Ungedhani wanahama.

Daktari Hsueh ni mfupi, mpole, anamtazama mtu mdomoni kabla ya machoni. Nilipomkaribisha akaniambia gego langu la mwisho linaota vibaya. Nikasema ahsante, karibu sana. Halafu kuna Bi Kuo, muuza bima, amekuja na mapezi ya miguu ya rangi ya waridi, sare na kucha zake, na kamera kubwa kama sufuria ya umeme ya wali. Anasema yeye haji kupiga mbizi, anakuja kupiga picha, mbizi ni njia ya kufikia picha. Hao wengine siwatofautishi. Wote wana saa kubwa mkononi zinazosema kina, joto, mapigo ya moyo, na nafikiri siku ya kufa. Walikaa barazani wakilinganisha saa. Hawajalowa hata kidole, wameshazama.

Nikawapikia supu ya samaki na soseji za kuchoma. Daktari akaomba supu tena. Nikamwona Po-cheng akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Moyo ukaninenepa. Nikajiona tayari mwezi wa kumi na mbili, bado napakua supu, bado yupo.

Baadaye akawasha kompresa kujaza mitungi ya kesho. Ikanguruma vizuri. Nikaenda kutandika vitanda. Nikarudi. Kimya.

Kimya kibaya.

Kompresa imekufa! Nyuma yake amekaa Miao-miao, makombo kutoka shavuni hadi sikioni, pakiti yetu ya kijani mapajani, tupu. Ameila! Aliponiona akaninyooshea punje ya mwisho, mwanangu mwenye roho safi. Nikaipokea. Sikujua punje inarudishwaje kazini. Nikaila.

Po-cheng akafungua kifuniko, akasema mkanda umekatika. Akasema ulianza kuchakaa tangu Mwaka Mpya, na aliniomba nimkumbushe kununua mwingine. Nikamwambia mkanda ni matokeo tu, chanzo ni kingine. Akaenda kunawa mikono.

Lakini bado ilibaki pakiti moja juu ya mtambo, ile ya Chu-yin! Mbona haikusaidia? Nikaigeuza, nikasoma nyuma. Imepitwa na tarehe tangu Machi! Lo! Chu-yin amekaa na pakiti mfu na mtambo wake haukukohoa hata siku moja. Mimi ndiye nimeitoa kwa mkono wangu, nimeibeba chini ya mwanangu, nimeileta nyumbani kwangu. Duniani kuna wezi wa kuku na wezi wa baiskeli. Mimi nimeiba mkosi!

Mitungi mingi mitupu, wageni barazani na saa zao. Ikabidi Po-cheng aipakie kwenye kigari, aisukume kwa Chu-yin. Nikamfuata nyuma nikimwomba Mama Kuan-yin, mungu wetu wa huruma, kompresa ya Chu-yin iwe imenuna. Halafu nikakumbuka ikinuna wageni wetu hawana hewa. Nikaomba isinune. Halafu nikaomba isinune leo, inune Jumapili. Nadhani nilimchosha.

Haikununa. Ilinguruma kama chui aliyeshiba. Chu-yin akajaza yote, akakataa shukrani, akapaza sauti mpaka barazani kwetu: "Majirani ni kusaidiana, mdogo wangu! Leo kwako, kesho kwako tena!"

Wageni wakacheka. Daktari Hsueh akanyoosha shingo kumtazama Chu-yin mdomoni. Ana meno mazuri, ndiyo balaa lenyewe.


Jumamosi, 15 Juni

Nimeamka na akili mpya.

Ratiba ilisema leo kwetu matumbawe, kesho kwa Chu-yin meli iliyozama. Mpumbavu gani alipanga hivyo? (Mimi. Chu-yin aliniambia nichague kwanza, nikachagua matumbawe kwa sababu ya kasa.) Lakini kasa wa hapa hata mtu aliyetumwa siki dukani anawaona, akiegemea ukuta wa barabara! Meli ndiyo kitu. Meli ya mizigo nzima imelala mchangani upande wa kusini, na usukani wake, na samaki wanaingia na kutoka madirishani kama wapangaji. Atakayewaonyesha meli ndiye atakayependwa.

Nikamfuata Daktari Hsueh anapopiga mswaki. (Anapiga mswaki kama anayeosha gari.) Nikamwambia wavuvi wanasema kesho upande wa kusini mkondo utakuwa mkali, heri meli iwe leo. Akauliza na povu mdomoni, wavuvi gani? Nikasema wote.

Po-cheng akasema hajasikia habari hiyo. Akasema leo ndiyo maji machafu, mawimbi ya jana yamekoroga mchanga. Lakini wageni walikwisha kuanza, meli, meli, meli, kama watoto na barafu. Akasema haya, ila nikisema tunapanda, tunapanda, hakuna kubishana. Mimi nikajishughulisha sana na chai ya tangawizi.

Mimi sizamii. Nilijaribu kabla sijaolewa, masikio yakakataa. Kwa hiyo nilibaki kwenye boti na taulo. Maji yalikuwa uji. Wakashuka mmoja mmoja, mapezi ya waridi ya mwisho, kisha vikabaki viputo tu. Halafu hata viputo sikuviona vizuri. Nilitazama pale pale. Sikuweza kunywa chai.

Wakarudi mapema kuliko saa zao zote zilivyotaka. Wakaja wengine wote. Po-cheng hayupo. Daktari hayupo. Nikasimama. Nahodha akaniambia kaa, shemeji, boti inayumba. Sikukaa.

Ndipo wakaibuka, wameshikana mikono kama maharusi. Daktari mweupe kama chokaa. Alipovuliwa miwani akasimulia mwenyewe. Kule chini hakuona meli, hakuona wenzake, hakuona hata mkono wake. Akaanza kuvuta hewa kwa pupa, akasahau juu ni upande gani. Po-cheng akamshika mabega, akamsogezea uso miwani kwa miwani, akamwonyesha kwa kiganja, taratibu, vuta, toa, vuta, toa. Mpaka akatulia. Halafu akampandisha polepole, kwa vituo, kama mtu anayemshusha mama yake ngazi.

Nikamfunika daktari taulo. Nikamfunika la pili. La tatu akasema ahsante, anapumua kwa shida. Po-cheng alikuwa anakunja kamba, kama vile ametoka dukani. Nikataka kumwambia kuhusu wale wavuvi wote. Nikampa chai. Akasema ina tangawizi nyingi. Ilikuwa nyingi kweli.

Bi Kuo kapiga picha lukuki. Moja anasema inaonyesha meli. Wenzake wanasema ni goti la daktari. Walibishana mpaka gatini. Daktari mwenyewe akaombwa akunje suruali, walinganishe. Akakataa.

Jioni wamehamia kwa Chu-yin. Vicheko vinapita ukutani. Nimeweka glasi ukutani nikategesha sikio. Nimesikia neno sabuni.


Jumapili, 16 Juni

Bahari leo imetulia, inaonyesha mpaka chini, kama supu iliyochujwa na mkwe mwenye adabu. Mkondo mkali uko wapi? Wavuvi wote wameniaibisha.

Asubuhi Chu-yin kagonga mlango, nywele hazijachanwa. Shemeji Wu kainama kuinua mtungi, mgongo umekwama, amebaki ameinama vile vile anatazama vidole vya miguu. Anaomba Po-cheng awaongoze wageni kwenye meli. Nikamvuta Po-cheng jikoni. Nikamwambia kataa. Sema una mafua. Sema sikio. Daktari akimchagua Chu-yin wewe unakwenda Kaohsiung, na unataka kumsaidia achaguliwe! Akasema Ijumaa alitujazia mitungi. Nikasema hiyo ilikuwa maringo. Akasema hewa ya maringo inavutwa vile vile. Akaenda. Nimeolewa na mtu mwema, ni mtihani.

Nikakaa na Miao-miao juu ya ukuta wa gati. Wakarudi wakipiga kelele kabla boti haijafunga. Usukani! Ngazi! Chewa mkubwa kama godoro amekaa chumba cha nahodha anawatazama kama afisa uhamiaji! Bi Kuo analia kwa furaha, picha zote zina meli, hakuna goti. Na Daktari Hsueh, ambaye nilidhani hatagusa tena maji hata ya bafuni, alizama na kuibuka ubavuni mwa Po-cheng, anacheka, meno yote nje. Ana moja la bandia.

Kabla ya feri akatukusanya. Nikamshika Miao-miao kwa nguvu mpaka akasema mama, tumbo. Daktari akakohoa. Akasifu supu yangu. Nikajua. Anayesifu supu kwanza anakwenda kula kwingine. Akasema klabu imechagua nyumba ya Dada Chu-yin. Mashuka, kompresa, na hakutaja sabuni lakini nilimwona anaifikiria.

Po-cheng akatazama chini. Mimi nikatazama feri, ile ile itakayomchukua.

Daktari akasema lakini. Akasema yeye kule chini ameshamjua mtu mmoja, na bila mtu huyo hashuki tena, hata kwa usukani wa dhahabu. Je, Bwana Po-cheng atakubali kuwaongoza kila mwezi? Chu-yin akadakia kabla hajamaliza. Akasema kila mwezi tu? Atakuwa kwangu kila siku! Yule mzee wangu mgongo wake umestaafu, nilikuwa natafuta pa kuanzia kumwomba. Po-cheng akanitazama mimi kwanza. Halafu akasema basi nitawapigia simu bandarini niwaambie siendi.

Nikalia mbele ya watu. Chu-yin akadhani ni furaha. Ilikuwa furaha. Na hasira kidogo, pembeni.

Akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba anajua. Nikaganda! Akasema aliona nimeibadilisha ile pakiti yake. Ile ya zamani ilikuwa imepitwa na tarehe, alikuwa anaona aibu watu wasije kuisoma, na mimi nimemstiri bila kusema neno. Kweli niliweka ya njano, kwa haraka, nani hakosei? Shemeji Wu aliikuta jioni ile ile akaila na bia, naye akaweka mpya ya kijani. Akasema nina jicho na nina moyo.

Nikainamisha kichwa. Nikasema majirani ni kusaidiana, dada.


Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi Po-cheng kaenda kazini. Safari nzima ni kuzunguka ukuta. Mchana karudi kula, kajinyoosha mkekani, Miao-miao kapanda juu ya kifua, wote wawili wanakoroma huku naandika. Kifua kipo. Nimewatazama mpaka wali ukashika chini.

Mama mkwe akasema sasa mwanangu pumzisha kichwa, umekitumia vya kutosha, kina moto. Nikasema ndiyo, mama.

Lakini nikitazama vizuri, nani amembakiza Po-cheng nyumbani? Mimi! Nisingesema habari za wavuvi, wasingekwenda kwenye maji machafu. Wasingekwenda, daktari asingeogopa. Asingeogopa, asingejua mume wangu ni nani. Mpango ulifaulu, ila ulipita njia ya mbali. Kasoro ni moja tu, vitanda. Wageni bado wanalala upande usio sahihi wa ukuta.

Ndipo nikamkumbuka Chien-liang. Binamu yake Po-cheng, mkata tiketi wa feri, hajaoa, ana shingo ndefu lakini tabia nzuri. Jana nilimwona akimpandishia Bi Kuo kamera kwenye feri, kaibeba kwa mikono miwili kama kichanga, na Bi Kuo akamwambia ahsante mara mbili. Mara ya pili ya nini? Bi Kuo akiolewa na Chien-liang ni shemeji yetu. Klabu nzima ni marafiki zake. Nani duniani anakwenda kulala kwa jirani ilhali ana mashemeji kisiwani?

Nimempigia Chien-liang, nimemwambia Bi Kuo ameulizia habari zake. Halafu nikampigia Bi Kuo, nikamwambia Chien-liang ana feri.

Bi Kuo anakuja Jumamosi. Anakuja na wazazi wake.